UZI: Seva ya RADIUS kwa wenye mitandao midogo – tuzungumzie hesabu, siyo nenosiri tu

#1 FundiMnara

Wakuu habari za jioni,

Humu jukwaani kila mara anaingia mtu anauliza namna ya kufunga seva ya RADIUS kwa ajili ya wateja wake wa PPPoE (njia ya mteja kuingia mtandaoni kwa jina na nenosiri) au hotspoti. Majibu yanatolewa, mteja wa kwanza anaingia, watu wanapongezana, uzi unaishia hapo. Mimi nataka tuanzie hapo unapoishia, kwa sababu kumwingiza mteja ni kazi ya mchana mmoja. Hela ya mtoa huduma na haki ya mteja vinapotelea kwenye hesabu za matumizi, na huko watu hawaangalii mpaka ugomvi uanze.

Kwa wageni wa mambo haya, seva hii ina kazi tatu: kuthibitisha mtu ni nani, kuamua apewe nini, na kuandika ametumia kiasi gani. Mteja akipiga PPPoE, ruta inachukua jina na nenosiri lake, inatuma ombi kwenye seva kwa UDP poti 1812, na seva inajibu aingie au akataliwe. Ndani ya jibu la kukubali ndimo yanamokaa masharti yote: anwani ya IP, muda, kasi. Kwa ruta za MikroTik kasi inakuja kwenye sifa iitwayo Mikrotik-Rate-Limit. Ukiandika 5M/10M maana yake mteja apandishe kwa 5 na ashushe kwa 10. Kuanzia hapo ruta inapeleka taarifa za matumizi kwenye poti 1813: moja mteja anapoanza, nyingine kila baada ya muda fulani, na ya mwisho anapotoka.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. Uliundwa na kampuni ya Livingston mwaka 1991 kwa ajili ya mtandao wa Merit kule Michigan, enzi za kupiga intaneti kwa modemu ya simu ya mezani. Maelezo yake yanayotumika mpaka leo, hati rasmi za RFC 2865 na 2866, yalitoka Juni 2000. Kwa hiyo una tabia za enzi zile, na usipozijua zinakugharimu.

Chukua kaunta ya baiti. Ruta inahesabu kwenye namba ya biti 32, ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri. Yaani kila baada ya GB 4 na ushee inaanza upya. Enzi za modemu hilo halikumsumbua mtu. Leo mteja wa faiba ya Mbps 20 akishusha kwa kasi yake yote anaizungusha kaunta ndani ya nusu saa. Ndiyo maana ikaongezwa sifa ya pili, Acct-Output-Gigawords (na mwenzake wa Input), inayosema kaunta imezunguka mara ngapi. FreeRADIUS (programu ya bure ya seva hii) inaziunganisha hizo mbili yenyewe kabla ya kuandika kwenye jedwali la radacct. Balaa liko kwenye mifumo ya bili ya kujiandikia inayosoma Octets (kaunta ya baiti) peke yake: mteja ameshusha GB 13, mfumo unasoma MB 115. Anayeuza kwa GB hapo anagawa bure na hajui.

Halafu angalieni upande. Input ni kilichoingia kwenye ruta kutoka kwa mteja, yaani alichopandisha. Alichoshusha kiko Output. Ukiona ripoti yako inaonyesha nyumba nzima za watazamaji wa filamu wanapandisha kuliko kushusha, mwandishi wa mfumo wako amegeuza.

Sasa lile linalowaumiza wengi: sesheni zilizoning'inia. Umeme umekatika mtaani saa moja usiku. Ruta ya mnarani imezimika kabla haijatuma taarifa ya kutoka. Kwenye radacct mstari wa mteja una acctstarttime, lakini acctstoptime imebaki NULL (tupu), hivyo seva inaamini bado yuko ndani. Umeme unarudi, mteja anapiga PPPoE, seva inaona umeandika Simultaneous-Use := 1 (akaunti moja, mtu mmoja kwa wakati mmoja), inakuta "yumo" tayari mmoja, inamkataa. Amelipia mwezi mzima, taa zote zinawaka, intaneti hakuna, na simu yako inaita.

Wengi dawa yao ni kufuta Simultaneous-Use. Ukifanya hivyo, mwezi unaofuata akaunti moja iko nyumba tatu. Dawa sahihi ni kuwasha taarifa za katikati (zile za kila baada ya muda fulani) na kufunga sesheni zilizonyamaza:

UPDATE radacct SET acctstoptime = acctupdatetime, acctterminatecause = 'Lost-Carrier' WHERE acctstoptime IS NULL AND acctupdatetime < NOW() - INTERVAL 20 MINUTE;

Weka kwenye cron (kipanga kazi cha seva), iende kila baada ya dakika 5. Na naomba mtazame vizuri hapo mwanzo: acctstoptime inachukua muda wa taarifa ya mwisho, siyo NOW(). Ukiandika NOW(), kumbukumbu zako zitasema mtu alikuwa mtandaoni wakati amekaa gizani. Mwenye kuuza vocha za saa akipiga hesabu kwa tofauti ya kuanza na kuisha, anamlipisha mteja huduma ambayo hakuipata. Mteja hawezi kuiona hiyo query, kwa hiyo wewe ndiye wa kumlinda.

Kuhusu muda wa taarifa za katikati, RFC 2869 inakataza kushuka chini ya sekunde 60 na inashauri usipungue 600. Mimi wateja wa nyumbani nawawekea dakika 10, vocha za saa dakika 5. Wateja 1,000 kwa kila dakika 5 ni kama maandishi matatu au manne kwa sekunde kwenye databesi. Hata mashine ya kawaida inabeba.

Nawasilisha. Tuendelee.

#2 Ziwa_Net

Asante sana kaka kwa haya mafunzo. Mimi niko Kisumu, nina minara miwili, seva yangu iko klaudi ya Ulaya. Shida yangu ni moja ya ajabu. Mteja akiweka nenosiri sahihi anaingia, ingawa siku zingine anajaribu mara mbili tatu. Lakini akikosea nenosiri, ruta haisemi amekosea. Inaandika kwamba seva ya RADIUS haijibu. Nikiangalia seva iko sawa kabisa. Vijana wangu wa simu wanawaambia wateja "mtandao uko chini" na kumbe ni herufi moja tu.

#3 FundiMnara

Ziwa_Net, hapo yamekutana mambo mawili. RouterOS (mfumo wa ruta za MikroTik) ikiachwa ilivyo inasubiri jibu la seva kwa milisekunde 300 tu, inarudia mara chache, kisha inakata tamaa. Kwenda Ulaya na kurudi peke yake kunakula zaidi ya milisekunde 100, databesi ikichelewa kidogo umepitwa. Hao ndio wateja wako wanaojaribu mara mbili tatu.

La pili liko kwenye FreeRADIUS. Kuna kipengele kinaitwa reject_delay, kimewekwa sekunde 1 makusudi ili mtu anayebahatisha manenosiri asijaribu haraka haraka. Kwa hiyo jibu la kukubali linatoka papo hapo, la kukataa linacheleweshwa sekunde nzima. Ruta yako inakuwa imeshaondoka. Nenda kwenye /radius, weka timeout=3s. Usiguse reject_delay, hiyo ni kinga yako.

Na ukitaka kuona kwa macho, simamisha huduma, washa kwa mkono radiusd -X (kwenye Debian na Ubuntu ni freeradius -X), mwambie mteja mmoja ajaribu. Kila hatua inapita kwenye skrini: ombi limetoka ruta ipi, jina gani, nenosiri limelinganishwa na nini, kwa nini limekataliwa. Maswali mengi sana ya humu jibu lake liko kwenye hiyo skrini, watu hawaisomi mpaka mwisho.

#4 Bi_Vocha

Wakuu samahani, mimi si fundi, ni mwenye biashara. Nina hotspoti na wateja wa nyumbani huku Tanga. Mteja akiishiwa anakatwa, analipa kwa simu, ujumbe wa malipo unaingia kwenye mfumo, lakini hapati intaneti mpaka azime ruta yake na kuiwasha. Wazee hawajui hata ruta iko wapi. Fundi wangu anasema ndivyo ilivyo. Kweli?

#5 klaudi_na_waya

Dada Bi_Vocha, si kweli, na mwambie fundi wako kwa upole. RADIUS ya mwanzo kabisa kweli ilikuwa ya ruta kuuliza tu. Seva haikuweza kumfuata mtu aliyekwisha kuingia. Hilo lilirekebishwa mwaka 2003 na maelezo yanayotumika sasa ni RFC 5176 ya 2008. Seva inatuma ujumbe kwenye ruta, poti 3799, aidha "mkate huyu" au "mbadilishie huyu masharti" bila kumkata.

Kwa hiyo utaratibu mzuri ni huu. Mteja akiishiwa, usimkatae. Mruhusu aingie lakini kwenye kundi la anwani ambalo halifiki popote isipokuwa ukurasa wako wa malipo. Akilipa, mfumo wa malipo unaandika kwenye databesi, kisha papo hapo unatuma ujumbe wa kumkata kule kwenye ruta. PPPoE inajipiga yenyewe tena ndani ya sekunde chache, safari hii anapewa kifurushi chake. Mzee hajagusa kitu.

Kinachokwamisha wengi ni kwamba ruta ya mnarani iko nyuma ya NAT ya mtoa huduma mkubwa, haina IP ya umma. Ruta inaifikia seva, seva haiifikii ruta, ujumbe wa 3799 unapotea njiani. Funga WireGuard (VPN, yaani njia iliyofichwa) kati ya ruta na seva (RouterOS 7 inayo tayari), RADIUS yote ipite humo. Na pale /radius incoming weka accept=yes, wengi wanaisahau hiyo moja.

#6 Bi_Vocha

Nimemtumia huu ujumbe sasa hivi. Asante kaka, Mungu akubariki.

#7 mkono_wa_birika

Mleta uzi umeandika vizuri ila naona mnawatisha watu. Mimi nina wateja 80, wote nimewaandika ndani ya ruta kwenye PPP secrets. Naongeza mtu dakika moja, nafuta dakika moja. Sihitaji seva, databesi wala cron. Kwa nini nijiongezee kitu cha kuharibika?

#8 FundiMnara

Hoja yako ina mantiki mkuu, na kwa ruta moja yenye watu 80 wanaolipa kwa mwezi kwa kasi moja, nisingekulazimisha. Ruta iliyo karibu haina kusubiri mtandao ili imruhusu mtu, hilo ni jema.

Ila jiulize mambo matatu. Radi ikiipiga hiyo ruta usiku, orodha ya wateja wako na manenosiri yao iko wapi? Ukifunga mnara wa pili na mteja akahamia upande ule, utamwandika mara mbili? Na la kwangu kubwa: mteja akija na kusema "tarehe 12 sikuwa na intaneti kutwa nzima, nirudishie siku yangu", unamjibu nini? Ruta haikumbuki jana. Mimi nafungua radacct, natafuta jina lake, naona mstari: ameingia saa 12:41 asubuhi, ametoka saa 4:07 asubuhi, sababu ya kutoka Lost-Carrier (laini imekatika), kisha hakuna kitu mpaka saa 11:20 jioni. Wenzake wote wa mnara ule wana mkatiko wa saa hiyo hiyo. Basi ana haki, narudisha siku na naomba radhi. Siku nyingine mstari unaonyesha alikuwa ndani muda wote na ameshusha GB 6, tunazungumza kwa utulivu habari ya waifai ya nyumbani kwake. Pasipo hiyo kumbukumbu, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na mara nyingi mteja mpole ndiye anayedhulumiwa.

#9 Mlinzi_Poti

Nachangia upande wa usalama, maana #2 na wenzake wenye seva klaudi nawaonea huruma kweli.

RADIUS juu ya UDP haijafichwa. Linalofichwa ni nenosiri tu, tena kwa MD5 (hesabu ya zamani ya kufumba maandishi) pamoja na ile siri ya pamoja kati ya ruta na seva. Jina la mteja, MAC (namba ya kifaa chake), muda wake, vyote vinapita wazi kwenye intaneti. Na siri yenyewe kuna watu wameacha testing123 iliyokuja na FreeRADIUS. Ibadilisheni leo, iwe ndefu, na kila ruta iwe na yake.

Kubwa zaidi: Julai 2024 watafiti wa Boston University, UC San Diego, Cloudflare na wengine walitangaza shambulio waliloliita BlastRADIUS, namba yake CVE-2024-3596. Mtu aliyekaa katikati ya ruta na seva anaweza kuligeuza jibu la "kataa" likawa "kubali", bila kuijua siri ya pamoja. Kisa ni kwamba sahihi ya jibu inategemea MD5, na MD5 ilishaonyeshwa kuwa dhaifu tangu 2004. Wanaotumia EAP (njia nyingine ya kuthibitisha mtu) wamepona, kwa sababu EAP inalazimisha sifa ya Message-Authenticator (muhuri wa kuhakiki ujumbe). PPPoE zetu za PAP na CHAP (njia mbili za kuthibitisha nenosiri) hazikuwa na ulazima huo.

Pandisheni FreeRADIUS ifike 3.2.5 au zaidi, pandisheni na RouterOS, kisha kwenye clients.conf wekeni require_message_authenticator = yes. Anzeni na ruta moja muone inaitika, maana ruta ya zamani isiyotuma sifa hiyo itakataliwa kila ombi. Halafu pitisheni yote ndani ya WireGuard kama alivyosema #5, au tumieni RadSec ambayo ni RADIUS ndani ya TLS, poti 2083.

#10 Ziwa_Net

Mlinzi_Poti, swali dogo. Naweza kuhifadhi nenosiri za wateja zikiwa zimefichwa kwenye databesi? Sasa hivi kila mtu ofisini anazisoma.

#11 Mlinzi_Poti

Inategemea mteja anaingiaje. Kwa PAP unaweza kuzihifadhi kwa heshi imara (alama isiyoweza kurudishwa kuwa nenosiri), seva inapokea nenosiri na kulinganisha. Kwa CHAP haiwezekani, seva lazima iwe na nenosiri lenyewe ili ipige hesabu. MS-CHAP inahitaji nenosiri lenyewe au heshi ya NT, ambayo si imara. Kwa hiyo njia salama kwako ni PAP ndani ya VPN na heshi kwenye databesi. Kipande cha waya kati ya mteja na ruta nacho kitazame: kama wateja wanachangia swichi moja isiyotenganisha poti, PAP inasomeka.

Na hao wa ofisini, wapunguzie ruhusa. Kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi kwa kifaa gani ni taarifa binafsi. Kenya mna sheria tangu 2019, Tanzania sheria yetu ni ya 2022. Mtoa huduma mdogo naye yumo.

#12 kijana_wa_telekomu

Naomba kuuliza wakuu, haya makampuni makubwa ya simu nayo yanatumia RADIUS hii hii? Maana bando langu likiisha linakatika hapo hapo katikati ya video, hakuna cha dakika 10.

#13 klaudi_na_waya

Yanaitumia sehemu sehemu, lakini kwenye 4G kazi kubwa inafanywa na Diameter, utaratibu mwingine wa kazi hizi hizi, ambayo iliandikwa 2003 na kurekebishwa 2012 kwenye RFC 6733. Inakwenda kwa TCP au SCTP, poti 3868, kwa hiyo ujumbe haupotei kimya kimya kama UDP. Kiini cha 5G kimehamia kwenye HTTP/2.

Utambulisho wa mitandao ya simu ni mzuri sana. Ndani ya laini yako kuna ufunguo wa biti 128, na nakala yake iko kwenye seva ya kampuni. Ufunguo huo haupiti hewani hata siku moja. Mtandao unatuma namba ya kubahatisha, laini inapiga hesabu kwa ufunguo wake, inarudisha jibu, yakilingana umeingia. Tangu 3G laini nayo inauhakiki mtandao, jambo ambalo 2G haikuwa nalo.

Bando kukatika papo hapo ni kwa sababu hawasubiri taarifa za baadaye. Mtandao unaomba kipande cha bando kwenye seva ya malipo kabla hujatumia, mfano MB kadhaa, kikiisha unaomba kingine. Siku seva ikijibu kwamba hakuna, unakatwa hapo hapo. Sisi wadogo tunahesabu baada ya mtu kula, wao wanapakua kijiko kwa kijiko.

#14 chuo_kikuu_wifi

Niongeze kidogo tu. Wanaotaka kuona RADIUS ikifanya kazi kubwa waangalie eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi. Mwanafunzi wa chuo kilicho chini ya RENU (mtandao wa vyuo) Uganda akifika chuo cha Kenya kilicho chini ya KENET (mwenzake wa Kenya), anawasha kompyuta na kuingia kwa akaunti ya kwao. Ombi linapokezanwa seva kwa seva mpaka nyumbani, nenosiri likiwa ndani ya EAP, hao wa katikati hawalioni.

#15 mkono_wa_birika

FundiMnara, swali lako la radi limenikalisha chini. Kabla sijahama niambie jambo la mafundi. Nina vijana wawili wanaoingia kwenye ruta, wote kwa akaunti ya admin. Mmoja akiondoka?

#16 FundiMnara

Akiondoka, anaondoka na funguo za mtandao mzima. Kila fundi awe na akaunti yake. RouterOS inaweza kuwathibitisha mafundi kwa RADIUS hiyo hiyo: pale /radius unaongeza huduma ya login, halafu kwenye /user aaa unaweka use-radius=yes. Siku ya mwisho ya kazi unafuta jina moja kwenye seva, ruta zote zimemfungia. Makampuni yenye vifaa vya Cisco hutumia TACACS+ kwa kazi hii, inaweza kuruhusu au kukataa amri moja moja. Kwako RADIUS inatosha. Acha akaunti moja ya ndani ya ruta yenye nenosiri refu, iandike kwenye karatasi, ifungie kabatini, ya siku seva isipofikika.

Ukihama anza na wateja watano unaofahamiana nao. Usifute PPP secrets zako: RouterOS inatazama orodha yake ya ndani kwanza, asipokuwemo ndipo inauliza RADIUS. Unamtoa mmoja mmoja kwenye orodha, unamwangalia kwenye radacct siku mbili tatu, unaenda kwa mwingine.

#17 Ziwa_Net

Mrejesho: timeout nimeweka 3s minara yote miwili. Leo mtu amekosea nenosiri, ruta imeandika imekataliwa, kijana wangu amemrekebisha kwa simu pale pale. WireGuard naiweka Jumamosi usiku watu wakilala. Swali la mwisho kaka, radacct yangu ina mistari ya miaka mitatu, kila mtu akiingia databesi inavuta.

#18 FundiMnara

Hakikisha kwanza kuna index (faharasa ya kutafutia haraka) kwenye username, acctuniqueid na acctstoptime. Jedwali linalokuja na FreeRADIUS linazo, lililotengenezwa kwa mkono mara nyingi halina. Kisha hamisha sesheni zilizofungwa za zaidi ya miezi michache kwenda jedwali lingine, na usiguse zenye acctstoptime NULL. Fanya kwa mafungu ya mistari 10,000, ukihamisha zote kwa mpigo jedwali litajifunga na wateja watakataliwa. Kabla ya kuamua ufute za zamani kiasi gani, soma masharti ya leseni yako.